Mkate Upo, Kipimo Kiko Mbali

Mtu wa Shumba, kaskazini mwa Pemba, akiambiwa na daktari aache ngano maisha yake yote, vinavyoondoka katika sinia lake si vichache. Andazi la asubuhi halimo tena. Chapati, boflo, sambusa, kaimati, visheti, tambi za Ramadhani, biskuti za dukani, mkate wa ufuta na mkate wa mayai vyote ni ngano. Bokoboko la sikukuu ni ngano iliyopondwa pamoja na nyama. Shurba ya kufuturia mara nyingi hupikwa kwa ngano au shayiri. Hata urojo, ambao wengi huudhania kuwa ni embe na ndimu tu, uzito wake unatokana na unga wa ngano.

Vinavyobaki ni wali, muhogo, ndizi mbichi, majimbi, viazi vikuu, shelisheli, kunde, choroko, samaki, pweza na nazi. Yaani chakula chenyewe kimebaki, kilichokwenda ni vitafunio na mkate wa chai. Tena mkate wenyewe haukwenda wote, maana jikoni mwa Pemba umo mkate unaoumuka kwa hamira, unaokatwa vipande na kuliwa na chai, na ambao haujaguswa na ngano: mkate wa kumimina, wa mchele na tui la nazi.

Mgonjwa wa London au Stockholm huagizwa mlo huo huo, naye huenda kwenye rafu maalumu ya duka kubwa kununua mkate uliotiwa gundi za viwandani, kwa bei inayoushinda mkate wa kawaida kwa mbali. Lakini yeye kipimo cha damu cha kumwambia kama kweli anahitaji mlo huo hukipata kwa urahisi. Pemba mambo yamekaa kinyume. Mkate umo nyumbani, kipimo ndicho kilicho mbali. Kutokana na hali hiyo yapo makosa mawili yanayoweza kumfika mtu wa kisiwani: kuumwa miaka bila kujua kwamba ngano ndiyo inayomla, au kuiacha ngano kwa kubahatisha huku ugonjwa wake halisi ukiendelea.

Gluteni ni jina la protini zilizomo ndani ya ngano, shayiri na nafaka ya nchi za baridi iitwayo rai. Unga wa ngano ukikandwa na maji, protini mbili, gliadini na glutenini, hushikana zikafanya utando unaovutika. Utando huo hunasa hewa inayotolewa na hamira kama jarife linavyonasa samaki, na donge likaumuka. Ndiyo sababu chapati husukumika bila kukatika, na boflo likibonyezwa hurudi lilivyokuwa.

Kwa watu wengi protini hizo hazina neno. Kwa mwenye ugonjwa wa siliaki, kinga ya mwili huziona kama adui, na katika kupambana nazo huushambulia utumbo mwembamba wenyewe. Vijinyweleo vinavyofyonza chakula husinyaa na kulala. Mtu hula akashiba, lakini chakula kinapita bila kuunufaisha mwili. Matokeo yake ni kuharisha kusikokwisha, tumbo kujaa, kukonda, upungufu wa damu usiosikia dawa, mifupa kudhoofika, na kwa watoto, kudumaa. Wengine hawaharishi kabisa: hutokwa na vipele vinavyowasha viwikoni na magotini, au huchoka tu mwaka hadi mwaka. Makadirio ya dunia ni kwamba mtu mmoja kati ya mia hivi ana ugonjwa huu, na wengi wao hawajui.

Usichanganywe na mzio wa ngano, ambao humpata mtu ghafla kwa kuvimba midomo, kukohoa au kushindwa kupumua. Wapo pia wanaosumbuliwa na tumbo wakila ngano bila kuwa na ugonjwa wowote kati ya hayo mawili. Hao hawadhuriki utumbo, na aghalabu wanaweza kuipunguza tu.

Namna chanzo cha ugonjwa kilivyogunduliwa ni kisa cha kuelezwa, maana madaktari walikizunguka kwa muda mrefu bila kukiona. Mwaka 1888 daktari Muingereza, Samuel Gee, aliyekuwa akitibu watoto London, aliandika maelezo ya kwanza yaliyo kamili ya zama zetu. Alishasema kwamba mgonjwa akipona, atapona kwa chakula. Lakini alikataza wali na sago, ambavyo havina gluteni hata chembe, akaruhusu mkate uliokatwa mwembamba na kubanikwa pande zote mbili. Alisimulia habari za mtoto aliyelishwa kome wa Uholanzi kila siku akanawiri, na msimu wa kome ulipokwisha akaanguka tena. Mtu aliyekulia pwani atatambua kilichotokea: mtoto alipata nafuu kwa sababu tumbo lililojaa kome halikuwa na nafasi ya mkate.

Kisha ikaja zamu ya ndizi. Mwaka 1924 daktari Sidney Haas wa New York alitangaza kwamba watoto wa ugonjwa huu wanapona kwa kulishwa ndizi nyingi. Na kweli walipata nafuu. Haas aliamini kwamba ndizi ndiyo dawa, na kwa miongo kadhaa madaktari wakamfuata. Watoto waliporudia mkate, wengi walirudia na ugonjwa.

Aliyefungua fundo ni daktari wa watoto Mholanzi, Willem-Karel Dicke. Hata kabla ya vita vya pili vya dunia alishaushuku mkate. Kipupwe cha 1944 na 1945 kilipoiletea Uholanzi njaa kali, ngano ikaadimika, na watu wakala hata vitunguu vya maua ya tulipu, wagonjwa wake hawakuzidiwa kama ilivyotarajiwa. Mkate uliporudi, nao ugonjwa ukarudi. Dicke alipima, akalinganisha nafaka moja baada ya nyingine, na mwaka 1950 akatoa tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Utrecht: ngano na rai zinadhuru, mchele na mahindi havidhuru. Miaka michache baadaye yeye na wenzake wakaionesha gliadini kuwa ndiyo mkosaji.

Kwa muda mrefu watu walidhani ni maradhi ya Ulaya peke yake. Sivyo. Yameonekana Afrika ya Kaskazini, Mashariki ya Kati na India ya kaskazini. Kiwango kikubwa kilichowahi kuripotiwa duniani kimetoka Afrika: mwaka 1999 watafiti waliowapima watoto wa Sahara Magharibi waliripoti kwamba zaidi ya watano katika kila mia walikuwa nayo. Wasaharawi ni watu ambao chakula chao cha asili kilikuwa maziwa ya ngamia, nyama na tende. Ngano iliwaingilia baadaye, ikawa chakula cha kila siku, na watoto wakawa wanapewa mapema. Kisiwa cha Pemba, chenye watu wa asili nyingi zilizochanganyika kwa karne na karne za safari za Bahari ya Hindi, hakina sababu ya kujihesabu nje ya dunia hiyo.

Hapo ndipo ugumu unapoanza. Daktari wa Micheweni, wilaya ilimo Shumba, au wa Wete, anayemwona mtoto aliyekonda, mwenye tumbo kubwa na macho meupe, hawezi kuanza na siliaki, wala hapaswi. Minyoo ya safura, kichocho, malaria, vijidudu vya maji machafu na lishe duni huleta dalili zizo hizo, na Pemba imeyajua maradhi hayo kwa muda mrefu. Katika miaka ya 1990 kisiwa hiki kilikuwa mahali pa tafiti kubwa kuhusu safura na upungufu wa damu kwa watoto wa shule, na mwaka 2000 ikafunguliwa Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri huko Wawi, Chake Chake, yenye jina la mtaalamu Mtaliana wa vimelea.

Kisiwani humu pia ndipo dunia ilipopata funzo kubwa kuhusu kutibu bila kupima. Watoto wadogo wa Pemba walipewa madini chuma na asidi ya foliki katika jaribio lililokusudiwa kuwakinga na upungufu wa damu. Mwaka 2003 sehemu hiyo ya jaribio ikasimamishwa, na matokeo yalipochapishwa mwaka 2006 katika jarida la The Lancet yaliwashtua wengi: waliopewa vidonge hivyo walilazwa hospitali na kufariki zaidi kuliko wenzao, katika mazingira yenye malaria nyingi. Waliokuwa na upungufu halisi wa madini hayo walionekana kunufaika. Kasoro ilikuwa kumpa kila mtoto bila kwanza kujua nani anahitaji. Tangu hapo ushauri wa kimataifa kuhusu vidonge vya madini chuma kwa watoto wa maeneo ya malaria ulibadilishwa.

Kwa mwenye kushuku ngano, mpangilio unaofaa unatokana na hali hiyo. Kwanza choo na damu vipimwe kwa maradhi ya kawaida, na mtu atibiwe. Dalili zikiendelea, au ikiwa yupo ndugu wa damu mwenye siliaki, ndipo aulizie kipimo cha kingamwili za siliaki, ambacho huchukua damu kidogo tu. Kikionesha dalili, kwa kawaida mtu mzima hufanyiwa uchunguzi wa pili kwa mpira mwembamba wenye kamera unaopitishwa mdomoni hadi utumboni, na kipande kidogo kikachukuliwa. Kazi hiyo hufanyika katika hospitali kubwa kama Muhimbili jijini Dar es Salaam au KCMC mjini Moshi. Kwa mtu wa Shumba hiyo ni gari hadi bandarini, boti hadi Unguja, kisha boti nyingine, pamoja na nauli, malazi na siku za kazi zilizopotea.

Na lipo sharti moja ambalo mgonjwa akilikosa safari yote inaweza kuwa bure: asiache ngano kabla ya kupimwa. Kingamwili hupungua kadiri gluteni inavyokosekana, na utumbo huanza kujitengeneza. Aliyeacha andazi na chapati miezi kadhaa, kisha akaenda kupimwa, anaweza kuambiwa hana ugonjwa hali anao. Watu wengi wamejitia katika tatizo hilo kwa nia njema, kwa kuwa jirani aliwaambia waache ngano, wakaona nafuu.

Baada ya jibu kutoka ndipo jiko linapokuwa hospitali. Dawa ya siliaki ni mlo, basi. Na hapa Micheweni ina akiba ambayo imelala ardhini.

Katika wilaya hiyo hiyo, Tumbe na Chwaka, wanaakiolojia wamechimba mabaki ya makazi ya Waswahili wa kale. Mtaalamu wa mimea Sarah Walshaw aliyachambua majivu na punje zilizoungua zilizotolewa katika udongo wa maeneo hayo, na matokeo yake, aliyoyachapisha mwaka 2010, ni kama daftari la jikoni la miaka mia nane. Watu wa Tumbe wa karne ya 8 na ya 9 walitegemea zaidi mawele. Kuanzia karne ya 11 mchele kutoka Asia ukashika nafasi ya kwanza, wakati miji ikikua, Uislamu ukienea na misikiti ya mawe ikijengwa. Chwaka ndiko yaliko magofu yanayohusishwa na Haruni, ambaye masimulizi ya Pemba humtaja kuwa mtoto wa Mkama Ndume wa Pujini. Huenda wageni waliokaribishwa huko walilishwa wali.

Mwarabu al-Masudi, aliyefika Qanbalu mwanzoni mwa karne ya 10, kisiwa ambacho wataalamu wengi hudhani ni Pemba, aliandika kwamba watu wa pwani hii walikula mtama na aina ya mzizi unaochimbwa ardhini. Wareno walipokuja wakaikuta Pemba ikiilisha Mombasa mpunga. Katika maandishi yote hayo ngano haionekani kama chakula cha wenyeji. Mara moja tu inajitokeza, tena kwa namna ya kusisimua: kitabu cha mabaharia wa Kigiriki cha karne ya kwanza, kinachoeleza safari za Bahari ya Hindi, kinasema wafanyabiashara waliokuja pwani hii walichukua ngano, si ya kuuza, bali ya kuwapa wenyeji ili kupata urafiki wao. Ngano iliingia pwani hii kama zawadi ya mgeni.

Hata leo bado ni ya mgeni. Tanzania ilijaribu kuilima kwa wingi katika mashamba makubwa ya Basotu, Hanang, kwa msaada wa Kanada kuanzia miaka ya 1970, lakini sehemu kubwa ya ngano inayosagwa nchini huja kwa meli kutoka nje. Vita vya Ukraine vilipoanza mwaka 2022 bei ya unga ilipanda hadi katika maduka ya vijijini, na andazi likawa dogo.

Mkate wa kumimina unastahili kuelezwa kwa kituo, kwa sababu ndani yake umo ufundi ambao maabara za ng'ambo zimeutafuta kwa gharama kubwa.

Mchele mbichi huoshwa na kurowekwa usiku kucha, mpaka punje ikibonywa kwa kucha ivunjike. Asubuhi huchujwa. Zamani ulitwangwa kinuni na kuchekechwa, siku hizi wengi hutumia blenda: vikombe viwili vya mchele kwa kikombe kimoja cha tui zito, iliki, na kijiko cha chai cha hamira. Husagwa mpaka ulaini wa mchanganyiko usikike vidoleni bila chenga. Wapo wapishi wanaochota kidogo, wakakipika kiwe uji mzito, wakakirudisha ndani ili kuupa mchanganyiko nguvu. Hufunikwa mahali pa joto mpaka uumuke na kutoa mapovu, jambo ambalo kwa joto la Pemba halichukui zaidi ya saa moja. Sukari hutiwa mwishoni kwa sababu huulegeza mchanganyiko, pamoja na ute wa yai uliopigwa kwa wanaoupenda. Sufuria hupakwa mafuta, ikapashwa moto, mchanganyiko ukamiminwa. Moto wa chini uwe mdogo. Pembeni pakianza kushika, makaa hupaliwa juu ya kifuniko, na hapo ndipo uso unapopata rangi ya dhahabu.

Mkate huu unawezaje kuinuka bila utando wa gluteni? Wanga wa mchele ndio unaofanya kazi. Mchanganyiko ni mzito kiasi cha kuyashika mapovu kwa muda mfupi, na joto likiufikia wanga hunywa maji, ukavimba na kuganda kuyazunguka yale mapovu kabla hayajapasuka. Ndiyo maana haukandwi wala kusukumwa. Ndiyo maana pia ukiachwa uumuke kupita kiasi hushuka na kuwa mzito: mapovu yamekua makubwa, na hakuna kitu cha kuyazuia.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Hiroshima, Japani, walieleza jinsi ya kuoka mkate wa mchele mtupu bila gluteni na bila gundi yoyote ya kuongeza. Siri yao ilikuwa aina ya unga: usagwe ukiwa na maji, ili chembe za wanga zisivunjike vunjike. Chembe nzima huyazunguka mapovu na kuyashikilia. Unga uliosagwa mkavu kwenye mashine yenye moto, chembe zake zimeumia, na mkate wake hulala. Mama wa Pemba anayeroweka mchele wake usiku kucha kabla ya kuusaga na tui anafanya jambo lile lile, na alilipokea kwa mama yake. Mpishi anayetumia unga mkavu wa dukani ili kuokoa muda, kisha akashangaa mkate wake kuwa kama sabuni, jibu lake ni hilo.

Anayetaka boflo la chumvi la kupaka siagi atakwenda hatua moja mbele. Unga wa mchele uchanganywe na wanga wa muhogo, na badala ya gluteni atumie maganda ya isabgoli, ambayo huuzwa katika maduka ya dawa kwa wenye kufunga choo. Maganda hayo yakirowekwa hufanya ute mzito unaoshikamana. Gramu 300 za unga zinahitaji kiasi cha gramu 20 za isabgoli na mililita 350 za maji, hamira, chumvi kidogo na mafuta. Huumuliwa mara moja tu, ndani ya chombo cha kuokea. Kosa la kawaida la aliyezoea ngano ni kupunguza maji kwa kuona donge limekuwa tope. Tope ndilo linalotakiwa. Kosa la pili ni kuukata mkate ukiwa wa moto: wanga haujamaliza kuganda, na katikati hubaki kama gundi. Uachwe upoe kabisa.

Mkate wa mofa, ambao asili yake ni unga wa mtama uliobandikwa ndani ya tanuri la udongo, ni mwingine unaofaa. Lakini siku hizi wapo wanaouchanganya na ngano ili uwe laini, au kuupika kwa ngano tupu, na macho hayawezi kuhukumu. Lazima aulizwe aliyeupika. Vitumbua vya mchele ni salama, vibibi vya mchele vilevile, na bajia za dengu ikiwa unga ni wa dengu peke yake. Nje kidogo ya pwani hii, Ethiopia wana injera ya tefu na Sudan wana kisra ya mtama, mikate ya kila siku isiyohitaji ngano, ingawa nayo mijini siku hizi huchanganywa.

Kuacha ngano ni rahisi kuliko kuiepuka. Kipimo kinachokubalika kimataifa kwa chakula kinachoitwa hakina gluteni ni miligramu 20 katika kilo, kiasi ambacho jicho halikioni. Mafuta yaliyokaangiwa maandazi hayafai tena kukaangia muhogo wa mgonjwa. Chekecheo la unga wa ngano liwe mbali na la unga wa mchele. Ubao wa kusukumia chapati usikatiwe mkate wa kumimina. Vijijini kuna njia moja ambayo haitajwi katika vitabu vya ng'ambo: polo la unga wa ngano likiisha halitupwi, hukung'utwa na kutiwa mchele au makopa ya muhogo. Nyumba yenye mgonjwa itafute polo la mchele, au ndoo yenye kifuniko. Mashine ya kusaga nayo iulizwe imetoka kusaga nini. Salama zaidi ni kuusaga mchele nyumbani, jambo ambalo mkate wa kumimina unalitaka tangu mwanzo.

Dukani hatari imejificha katika majina. Malti ni shayiri. Sosi ya soya kwa kawaida hutengenezwa kwa ngano. Soseji, mchuzi wa pakiti na baadhi ya hamira za unga za keki hutiwa wanga wa ngano. Nafaka ya uji iitwayo oti yenyewe haina gluteni ya ngano, lakini husafirishwa na kusagwa pamoja na ngano kiasi kwamba mgonjwa mpya hushauriwa aiache kwanza.

Ramadhani ndiyo mtihani mkubwa. Sahani za futari hupita nyumba hadi nyumba, na kurudisha sahani ya jirani bila kuonja ni jambo zito. Familia zinazoelewa hali hii hazina haja ya kuikataa: sahani hupokewa, wengine nyumbani hula, na mgonjwa hula chake. Inafaa majirani wa karibu waelezwe wazi kwamba ni ugonjwa, si kuchagua chakula. Hapo jirani mwenyewe ataleta muhogo wa nazi, ndizi mbivu za tui au kumimina, maana navyo ni futari. Harusini pilau na biriani kwa kawaida havina tatizo, isipokuwa mchuzi uliotiwa unga kuukaza.

Kwa mtoto wa chuoni au shuleni kipande cha kumimina ndani ya mfuko kinamtosha, ila walimu wajue asipewe biskuti ya mwenzake. Mtoto hawezi kubishana na biskuti.

Mlo huu una upungufu wake, na haupendezi kufichwa. Unga wa ngano wa viwandani nchini huongezwa madini chuma na asidi ya foliki kwa mujibu wa kanuni, na anayeuacha hukosa nyongeza hiyo, hali ugonjwa wenyewe umeshamwachia upungufu wa damu. Mchele mweupe na wanga wa muhogo haviwezi kuziba pengo. Mawele, ulezi, mtama, kunde, choroko, dagaa na mboga za majani vinaweza, na mawele yangefaa kurudi Micheweni kwa sababu hiyo peke yake. Kumimina kwa sukari nyingi kila siku si mlo wa hospitali pia, hasa kwa nyumba zenye kisukari; sukari ikipunguzwa nusu mkate bado huumuka. Na muhogo mchungu uendelee kurowekwa na kukaushwa kama wazee walivyofundisha, kwa sababu sumu yake ni ya kweli.

Asiye na ugonjwa hapati faida yoyote ya kiafya kwa kuacha ngano kwa sababu tu ameona watu mashuhuri wa ng'ambo wakifanya hivyo. Akipenda mkate wa mchele, aule kwa utamu wake.

Mgonjwa akishika mlo, tumbo huweza kutulia ndani ya wiki chache, lakini utumbo wenyewe hupona polepole, kwa miezi, na kwa watu wazima hata miaka. Daktari hurudia kipimo cha damu baada ya miezi sita au mwaka kuona kama kingamwili zimeshuka. Safari hiyo ya pili ya boti inafaa isiwe ya mtu mmoja. Ugonjwa huu hurithiwa, na mzazi, mtoto au ndugu wa tumbo moja wa mgonjwa ana uwezekano wa karibu mmoja kati ya kumi wa kuwa nao, hata kama haumwi tumbo. Kwa hiyo nyumba inayobadilisha jiko lote liwe la mchele kwa ajili ya mmoja iwapime kwanza wengine, nao mpaka siku ya kutolewa damu waendelee kula andazi lao la asubuhi kama kawaida.